Njia ni Nyeupe, Mama

Mhariri wetu alipobandika tangazo ubaoni kwamba kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili aandike habari ya kweli iliyomfunza jambo, nilikaa wiki mbili nzima nikitafuta kisa kikubwa. Wenzangu wana visa. Kuna aliyenusurika ajali ya matatu pale barabara kuu ya Mombasa, na kuna aliyewahi kupanda ndege. Mimi maisha yangu ni ya kutoka nyumbani kwenda shuleni na kutoka shuleni kurudi nyumbani. Mwishowe nikaona heri niandike kuhusu njia hiyo hiyo.

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii tulifundishwa tukiwa darasa la sita. Niliijibu kwenye mtihani, nikapewa alama yangu, nikasonga mbele. Lakini kuielewa, wasomaji wapenzi, sikuielewa hadi nilipofika kidato cha pili, na nilifunzwa na mzee mmoja mlinzi ambaye nadhani hata hajui kwamba alinifunza.

Ninyi mnaoishi hapa mjini Voi huenda hamuijui njia yetu. Kwetu ni upande wa Sagala, kama kilomita nne hivi kutoka shuleni. Ukitoka nyumbani unapita kwanza katikati ya mashamba. Baadhi ya mashamba hayo yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa waya, kwa sababu ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, anaogopa nyuki. Akiusukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, naye anageuka na kutimua mbio. Baada ya mashamba kuna mbuyu mkubwa. Kutoka kwenye mbuyu huo hadi barabarani ni kichaka kitupu, karibu kilomita moja na nusu, hakuna nyumba wala taa. Hapo ndipo ndovu hupita usiku wakitoka upande wa mbuga ya Tsavo Mashariki kutafuta maji na chakula. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1948, lakini ndovu hajui kusoma kibao cha mpaka.

Baba yangu alikuwa soja. Kwa Kiswahili cha darasani ningesema bawabu, lakini yeye mwenyewe alijiita soja, na kila mtu kijijini alimwita hivyo. Alilinda ghala la duka moja la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuwa na koti zito la kijani, rungu, filimbi na tochi ya betri mbili kubwa ambayo ilipofifia aliipiga kiganjani mara mbili ikawaka tena.

Nilipojiunga na kidato cha kwanza mwaka 2023 nilianza kurauka saa kumi alfajiri. Mama alikuwa ameshawasha moto. Nilikunywa chai ya rangi, nikafunga mkoba, na ilipofika saa kumi na moja na robo nilikuwa njiani, maana masomo ya alfajiri huanza saa kumi na mbili na robo na mwalimu wa zamu hana mzaha na wachelewaji. Giza lilikuwa bado totoro. Nilipofika kwenye mbuyu, mara nyingi kama saa kumi na moja na nusu hivi, nilikuwa nikiona mwanga mdogo ukija kutoka kichakani, unapanda na kushuka. Ni baba huyo, anarudi kutoka kazini.

Tuliongea maneno yale yale kila siku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeamkaje mama?"

Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi. Nilimjibu kwamba nimeamka salama, naye alinipa tochi na kusema, "Njia ni nyeupe, mama. Nenda usome." Basi. Yeye aliendelea kwenda nyumbani bila tochi na mimi niliingia kichakani na tochi yake.

Siku chache hakusema hivyo. Alisema, "Ngoja kidogo, wako bondeni wanavuka." Tuliketi kwenye mizizi ya mbuyu, tukasikiliza matawi yakivunjika, ka! ka! Alinifundisha kurusha vumbi kidogo hewani ili nijue upepo unaenda wapi, nisije nikapeleka harufu yangu kwao. Alinifundisha kwamba nikikuta kinyesi kibichi ambacho bado kinatoa mvuke, nigeuke nirudi nilikotoka bila kujifanya shujaa.

Jambo moja lililonishangaza ni kwamba baba hakuwachukia ndovu, ingawa walishawahi kutumalizia mahindi yote kwa usiku mmoja. Ule ukame wa mwaka 2022 sote tunaukumbuka. Mvua zilikuwa zimekosa misimu kadhaa mfululizo. Sisi tulikuwa na mbuzi saba, wakabaki wawili. Serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya mwezi wa Februari na Oktoba mwaka huo. Tulipoisikia habari hiyo redioni, mimi nilisema afadhali wamepungua. Baba aliniangalia, akasema, "Yule mkubwa anayetangulia mbele ni mama yao. Anatembea usiku kucha akiwatafutia watoto maji. Hata mimi natembea usiku." Sikumjibu. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Sasa nikiri makosa yangu, maana habari ya kweli haina haja ya kujipamba. Mimi nilikuwa mtoto wa manung'uniko. Nilinung'unika kwamba sina viatu vya pili. Nilinung'unika kwamba pesa za chakula cha mchana zinachelewa, kwa hivyo nakula githeri ya rafiki yangu kwa kijiko chake. Wakati mwingine wenzangu walipotaja kazi za wazazi wao, mimi nilisema baba "anafanya kazi dukani", nikanyamaza hapo.

Lakini lililoniuma zaidi ni la jioni. Wenzangu walikuwa wakikaa na baba zao jioni, wanawaeleza ya shuleni, wanatiwa sahihi kwenye madaftari. Mimi nilipofika nyumbani karibu saa kumi na mbili, baada ya michezo, baba alikuwa ameondoka zamani. Nilikuta kikombe chake kimeoshwa na kufudikizwa kichanjani. Nilijua kwamba walinzi wa usiku mjini huingia kazini saa kumi na mbili jioni. Kwa nini basi yeye aondoke nyumbani saa kumi na robo? Nilijiambia kwamba anatukimbia. Anajua nitaomba pesa, ndiyo maana anaondoka mapema.

Muhula wa kwanza mwaka 2024, nikiwa kidato cha pili, chama chetu kilipanga ziara ya Mombasa kuona Fort Jesus. Nauli na kiingilio ilikuwa shilingi 1,200. Nilimwomba baba siku tatu mfululizo, pale pale kwenye mbuyu. Siku ya kwanza alisema tutaona. Siku ya pili alisema tutaona. Siku ya tatu alisema, "Mama, mwezi huu haiwezekani." Wenzangu walienda, mimi nikabaki nikisoma peke yangu darasani na wengine watano.

Jumatatu iliyofuata nilifika kwenye mbuyu nimenuna. Baba akasema, "Umeamkaje mama?" Sikuitikia. Nilichukua tochi mkononi mwake kama mtu anayechukua chake kwa mdeni, nikapita. Nilikuwa nimeshaingia kichakani niliposikia sauti yake nyuma yangu, wala haikuwa na hasira: "Njia ni nyeupe."

Sikugeuka.

Wiki ile ilikuwa ya mwisho wa muhula. Siku zilizofuata nilimsalimia kwa mdomo tu, kisha tukafunga shule. Mnakumbuka mvua za Aprili mwaka 2024, zile zilizoleta mafuriko nchini na hata kuchelewesha kufunguliwa kwa shule. Baba alinyeshewa usiku mmoja akiwa kazini, akarudi nyumbani anatetemeka. Kikohozi kilianza, kikafuatwa na homa. Akapelekwa hospitali, wakasema ni nimonia. Nilienda kumwona mara mbili. Tuliongea kuhusu mbuzi, kuhusu paa linalovuja, kuhusu mdogo wangu. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile Jumatatu, neno likafika kooni, nikaona nitamwambia akitoka. Kesho ipo. Hakutoka. Aliaga dunia mwanzoni mwa mwezi wa Mei, tukamzika nyumbani, karibu na mwembe.

Shule zilipofunguliwa tarehe 13 Mei, mama aliniambia nipumzike wiki moja. Nilikataa. Kukaa nyumbani kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Nilichukua tochi, nikaondoka saa kumi na moja na robo kama kawaida yangu.

Nilipofika kwenye mbuyu nilisimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nilitazama kichakani kungoja mwanga, na ingawa akili yangu ilijua, macho hayakujua. Palikuwa na giza na sauti za wadudu. Nikapiga moyo konde, nikaingia. Ile kilomita moja na nusu niliyoizoea sikuitambua. Kila kichaka kilikuwa ndovu, na kila jani lililoanguka lilikuwa hatua. Nilifika shuleni sare imelowa jasho, na mwalimu akidhani nimenyeshewa. Hapo ndipo nilipogundua jambo la kwanza: kumbe kwa mwaka mzima na zaidi sikuwahi kuiogopa njia ile. Nilijidhania jasiri, na kumbe si ujasiri wangu.

Jambo la pili nililigundua Jumamosi ya wiki ile. Mama alinituma niende naye dukani kuchukua mshahara wa mwisho wa baba na vitu vyake. Langoni tulimkuta mlinzi wa mchana, mzee wa makamo mwenye mvi ndevuni. Alimpa mama pole, akaingia ndani, akatoka na koti la kijani limekunjwa vizuri pamoja na filimbi. Kisha akaniangalia mimi na sare yangu, maana sina nguo nyingi za kutokea.

"Kumbe wewe ndiwe mtoto wa saa kumi na moja?"

Sikumwelewa. Akacheka kidogo, kicheko cha msibani, akaeleza. Alisema zamu zao ni saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, asubuhi na jioni. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2023 baba alimfuata akamwambia ana binti ameingia sekondari na anapita kichakani alfajiri. Akamwomba wabadilishane saa. Yeye mzee awe anakuja kumpokea lango saa kumi na moja alfajiri badala ya saa kumi na mbili. Na baba kwa upande wake awe anakuja kumpokea yeye saa kumi na moja jioni, ili mzee naye afike kwake mapema.

"Hakuchelewa hata siku moja," mzee akasema. "Jioni saa kumi na moja yuko hapa. Nami alfajiri najikokota nije, maana nikichelewa dakika tano namkuta ameshavaa koti, anatazama barabara. Ananiambia, mzee, mtoto yuko njiani."

Wasomaji wapenzi, nilisimama pale langoni na koti mikononi, na machozi yakanidondoka njia mbili mbili. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa darasa la nane, baba alikuwa akifika nyumbani saa moja asubuhi, jua limeshachomoza. Alianza kufika mapema nilipoingia kidato cha kwanza, na mimi sikujiuliza kwa nini. Nilidhani tunakutana kwenye mbuyu kwa bahati. Lau angetoka kazini saa yake, angepita kichakani kweupe, salama salimini. Alichagua kupita gizani, yeye wa kwanza, akanusa upepo, akasikiliza matawi, akaangalia kinyesi, kisha akafika kwenye mbuyu na kuniletea jibu. "Njia ni nyeupe" haikuwa salamu. Ilikuwa ripoti ya kazi.

Na ile saa ya jioni niliyodhani anatukimbia, ile ndiyo bei aliyoilipa. Aliuza jioni yake akaninunulia alfajiri. Mimi nilikuwa nikiihesabu saa hiyo kama deni lake kwangu.

Nyumbani nilimuuliza mama kama alijua. Alisema alijua. Nikamuuliza kwa nini hamkuniambia. Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. "Ungeambiwa ungefanya nini? Baba yako alisema ukijua utaanza kusoma kwa huruma. Yeye alitaka usome kwa akili yako."

Kwa muda mrefu nilibaki na ile Jumatatu kifuani. Nilikuwa nikilala naiona, nikiamka naiona. Nilimweleza mwalimu wetu wa ushauri nasaha, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: siku ya pili yake, baba alikuja kwenye mbuyu? Nilisema ndiyo. Na siku ya tatu? Ndiyo. "Basi," akasema, "alikuwa ameshasamehe kabla hujaomba." Sijui kama uchungu ulinitoka wote. Lakini tangu siku hiyo nikilala napata usingizi.

Siwezi kudanganya kwamba nimekuwa malaika. Bado nanung'unika, hasa hesabu zinapokataa. Lakini jicho langu limebadilika. Zamani nilitazama nilichokosa. Siku hizi nikiona kitu kipo, najiuliza nani amekiweka hapo na amekiweka saa ngapi. Nilianza na chai. Ili mimi ninywe chai saa kumi na nusu, mama huamka saa tisa na nusu kuwasha kuni zilizolowa umande. Nikaenda kwa githeri. Rafiki yangu alikuwa akinipa nusu ya sahani yake na kusema ameshiba, nami nikaamini mwaka mzima kwamba mtu wa kimo chake hushiba vijiko sita. Nikaenda hadi darasani, ambako kila Jumatatu ubao huwa safi. Kumbe mzee anayefagia shule huja Jumapili jioni kuuosha kwa maji anayoyabeba mwenyewe. Nilipomwambia asante alishtuka, akaniuliza, "Kwani kuna nini?"

Muhula wa kwanza mwaka wa 2025 chama kilienda tena Fort Jesus, na safari hii nami nilikuwemo. Mama alilipa kidogo kidogo kwa pesa za mayai. Wenzangu walipiga picha kwenye mizinga ya vita. Mimi nilisimama nikitazama kuta. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwongozaji alitutajia jina la fundi aliyeichora. Nami nikawa nawaza wale waliobeba mawe juani, ambao jina la hata mmoja halikutajwa. Nikasema moyoni, baba, hii ndiyo ile safari yetu, nimefika.

Sasa niseme neno kwenu wanafunzi wenzangu, kisha nimalize. Sisi wa shule ya kutwa tuna mazoea ya kuwaonea wivu wa bweni. Wao wana vitanda shuleni, wana taa, hawatembei. Lakini sisi kila siku tunatoka mikononi mwa watu na kurudi mikononi mwa watu. Leo ukifika nyumbani, mtazame mmoja wao na umuulize: wewe huamka saa ngapi? Muulize angali yupo wa kukujibu. Mimi jibu langu nililipata langoni, kutoka kwa mtu mwingine.

Mdogo wangu yuko gredi ya tisa mwaka huu na shule yake iko upande huu wa mjini, kwa hivyo tunatoka pamoja. Tunapofika kwenye mbuyu namwambia asimame. Natangulia hatua kadhaa, narusha vumbi, nasikiliza, namulika chini. Kisha nageuka na kumpungia tochi.

"Njia ni nyeupe. Twende."

Juzi alilalamika. Alisema namchelewesha na mchezo wangu wa kurusha vumbi, ati kila siku ni lazima nitangulie mimi, kwani yeye ni mtoto? Nilitaka kumweleza yote hapo hapo. Kisha nikamkumbuka baba, nikapiga tochi kiganjani mara mbili, ikawaka vizuri.

"Wewe tembea tu," nikamwambia.